Kwani Angekuwa Anaandamana?

(Hotuba kwa vijana waandishi wa habari na wapiga picha, Mombasa. Nimeiandika upya kwa wale walioomba maandishi, nikapunguza salamu na yaliyokuwa ya ukumbini tu.)

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu, dada zangu, hamjambo. Ahsanteni kwa kuja jioni hii, na nyinyi mliotoka Kilifi na Kwale huku kesho asubuhi mna kazi, ahsanteni zaidi.

Ile video ya Juni 17, 2025 nyote mmeiona. Katikati ya Nairobi, kijana mchuuzi wa barakoa amezishika pakiti zake mkononi. Polisi wawili wamemkabili, wanamsukuma, wanampiga makofi. Anageuka aende zake. Mmoja wao anainua bunduki na kumfyatulia risasi ya kichwa, kwa umbali wa mkono tu. Kijana alikimbizwa hospitali, akafariki mwisho wa mwezi ule. Jina lake mnalijua. Mimi sitataja majina ya marehemu hapa leo, kwa sababu ni ya jamaa zao kwanza, na jamaa hao sikupata nafasi ya kuwaomba ruhusa.

Siku ile na wiki nzima iliyofuata, maneno mamoja yalirudiwa redioni, magazetini na kwenye simu zetu, tena na watu wenye uchungu wa kweli: "Hakuwa hata akiandamana. Alikuwa akiuza barakoa tu."

Naomba tuyapime maneno hayo. Aliyeyasema alikuwa akimtetea marehemu, sina shaka. Ila amemtetea kwa kumtenga na wenzake. Anasema, huyu hakustahili risasi, kwa sababu hakuwa mmoja wao. Basi hao wengine je? Kwani angekuwa anaandamana? Angekuwa ameshika bango badala ya barakoa, ingekuwa halali? Maandamano ya siku ile yalikuwa ya kudai haki ya mwalimu kijana aliyekamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni kumhusu mkubwa wa polisi, na siku ya pili akawa maiti. Waliotoka kumlilia walikuwa na haki ya kuwa barabarani kuliko mtu yeyote. Na bado sisi, watetezi wao, tulipotaka kuonyesha ubaya wa risasi ile, tulikimbilia kusema kwamba iliyempiga ni mtu asiye mwandamanaji.

Hapo ndipo ulipofika ugomvi wa sura ya vuguvugu hili la vijana, lililoanza Juni 2024. Tumeuingia kwa masharti ya wale wanaolipinga. Wao wanasema vijana hawa ni wachafu, sisi tunajibu kwamba ni wasafi. Wanatuletea picha ya mwizi, tunawaletea picha ya mwanafunzi wa chuo kikuu aliyefunga bendera shingoni. Na kila tukijibu hivyo tunakubali, bila kutamka, kwamba asiyekuwa msafi anaweza kuuawa.

Ugomvi wenyewe ulianza mapema sana. Mtakumbuka Jumanne ya Juni 18, 2024, vijana waliovaa nguo nyeusi walipoingia Nairobi kuupinga Mswada wa Fedha. Mswada ule ulitaka kutoza VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwenye mkate, na kila mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani yake. Serikali iliyaondoa hayo siku ile ile, ikidhani watarudi nyumbani. Hawakurudi, kwa sababu mswada walikuwa wameusoma. Kwa wiki kadhaa walikuwa wakiufafanua kifungu baada ya kifungu kwenye video fupi, kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani, hata bibi kijijini akajua ni nini kitapanda bei. Kwa miaka mingi ninayofuatilia habari za nchi hii sijaona mswada wa kodi ukisomwa na watu wengi namna ile. Ingefaa hiyo ndiyo iwe habari.

Lakini bungeni walichorwa vingine. Kiongozi wa walio wengi, Kimani Ichung'wah, aliwakejeli kwamba wanakuja kuandamana kwa Uber, wakitoka hapo wanakwenda kula kuku wa KFC na kunywa maji ya chupa. Mbunge mwingine alidai kwamba picha tunazoziona mitandaoni ni za kutengenezwa kwa kompyuta. Basi sura ya kwanza ikawa hiyo: watoto wa watu walioshiba, wasio na shida, na wengine hata hawapo.

Usiku wa Juni 20 kijana wa miaka 29 alipigwa risasi ya paja mjini Nairobi, akavuja damu hadi kufa. Juni 25 wabunge 195 waliunga mkono mswada dhidi ya 106 walioupinga, na muda mfupi baadaye umati ukavunja ua na kuingia Bungeni. Jioni ile Rais William Ruto alihutubia taifa akasema maandamano yametekwa na wahalifu hatari na kwamba yaliyotokea ni uhaini. Kesho yake, Jumatano, alisimama tena, akasema amewasikia Wakenya, hatautia saini. Watu ni wale wale. Jumanne ni uhaini, Jumatano ni sauti ya wananchi.

Julai ikaja sura ya tatu. Rais akiwa Kaunti ya Nakuru aliitaja hadharani taasisi ya Ford Foundation ya Marekani kwamba inagharamia ghasia. Ford ilikana. Mimi nilitazama pesa nyingine, zile zilizoonekana wazi. Wakenya walichanga karibu shilingi milioni 30 za kuwatibu majeruhi na kuwazika waliokufa, nyingi zikiwa za mia mia na hamsini hamsini kwa M-Pesa. Mwenye kutaka kujua nani alifadhili vuguvugu hili angeanzia kwenye jumbe zile za M-Pesa. Angewakuta wauza mitumba, walimu, mayaya walioko Saudia, na mama mmoja mmoja aliyetuma shilingi ishirini akaomba radhi kwamba hana zaidi.

Mwaka 2025 sura ikageuka kabisa. Baada ya maandamano ya Juni 25 ya kuadhimisha mwaka mmoja, Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alisema ni ugaidi uliojificha nyuma ya maandamano, na kwamba lilikuwa jaribio la mapinduzi. Sasa hapakuwa tena na Uber wala kuku. Sasa walikuwa majambazi wa mitaa ya mabanda, wavuta bangi, magenge.

Pangeni sura hizi kwa tarehe mtaona. Mwaka wa kwanza walionekana wameshiba mno kuwa na haki ya kulalamika. Mwaka wa pili wakawa maskini mno kuaminika. Hakuna kiwango cha mfuko ambacho kijana wa Kenya angekuwa nacho akaambiwa: wewe ndiye hasa, sema.

Hayo ya serikali tunayajua, na hapa ukumbini sidhani yupo wa kuyatetea. Kinachoniumiza ni upande wetu.

Neno "Gen Z", yaani kizazi hiki cha vijana, lilivuma kwa sababu lilipendeza. Magazeti ya nje yalilipenda, sisi tukalipenda zaidi. Lilitupa kijana mmoja wa kumwonyesha dunia, amesoma, ana simu nzuri, anazungumza Kiingereza, anaokota takataka baada ya kuandamana, hana kabila, hana chama, hana kiongozi. Kijana huyo yupo, nimemwona, na ninamheshimu. Lakini hakuwa peke yake. Hapa Mombasa watu walitoka na makuti na ngoma na vuvuzela. Waliokuwa mbele hawakuwa wanafunzi peke yao. Palikuwa na watu wa tuktuk, makuli, mabarobaro wanaoshinda maskani bila kazi tangu wamalize darasa la nane, na wanawake wanaouza viazi karai. Nendeni mkatazame picha zilizochapishwa siku zile, mhesabu ni ngapi zinamwonyesha mama wa viazi.

Na angalieni nani alikufa. Tukiondoa wale wa pale Bungeni, ambao kamera zilikuwepo, wengi waliangukia mahali ambapo hapakuwa na mwandishi. Ongata Rongai aliuawa mtoto wa miaka 12. Wengine waliangukia Nakuru, Eldoret na Githurai, pembezoni mwa Nairobi. Vijana wa Mathare na Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi, walikuwa wakiuawa na polisi miaka mingi kabla ya mswada wowote wa fedha, na vituo vya haki vya mitaa ile viliandika majina yao wakati hakuna aliyekuwa akisoma. Wao ndio waliotufundisha kuhesabu maiti. Halafu vuguvugu lilipopata jina zuri, wakaanza kuitwa "goons", yaani wahuni, na wenzao wenyewe. Nimesikia kwa masikio yangu mwandamanaji akimwambia polisi: "Mimi siyo wa hao, hao ni wa mtaani."

Nataka kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu watu wa kukodiwa wapo kweli. Juni 17 ile ile, wanaume waliopanda bodaboda wakiwa na viboko na rungu waliwacharaza waandamanaji mchana kweupe, polisi wakitazama na wengine wakitembea nao bega kwa bega. Hao waandikeni, na muulize nani aliwalipa. Ila kijana aliyekuja kwa miguu kutoka mtaa wa mabanda kwa sababu unga umepanda si wa kukodiwa, hata kama shati lake linafanana na la yule mwenye kiboko. Kazi ya mwandishi ni kuwatofautisha hao wawili kwa ushahidi. Ukiwatofautisha kwa mavazi umeshafanya kazi ya polisi.

Sasa nije kwenye lile tunaloliogopa. Ndiyo, watu waliiba. Juni 2024 sehemu ya Bunge iliwaka, afisi ya gavana pale City Hall iliwaka, siwa ya Bunge ilibebwa. Juni 2025 maduka ya Nairobi yalivunjwa na wenye maduka, wengi wao watu wa mikopo midogo, walikuta rafu tupu. Mahakama ya Kikuyu ilichomwa, na ndani yake majalada ya kesi za watu wa kawaida waliokuwa wakingoja haki yao kwa miaka. Haya yalitokea. Nimewasikia wenzetu wakisema yote yalifanywa na watu waliotumwa na serikali. Mengine huenda yalikuwa hivyo, na pale penye ushahidi tuseme. Lakini ukisema yote, mama mwenye duka lililovunjwa, ambaye aliwaona waliovunja na anawajua, atakuona muongo. Na akishakuona muongo kwa hilo, hatakuamini utakapomwambia mtoto wa Rongai alipigwa risasi.

Kwa nini tunaogopa kulisema? Kwa sababu tumekubali lile sharti, kwamba vuguvugu lazima liwe safi ndipo waliokufa wawe wamedhulumiwa. Mimi nalikataa sharti hilo. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Aliyevunja duka ametoka nje ya kifungu hicho, na sheria ina njia ya kumshika, kumshtaki na kumfunga. Haina njia ya kumpiga risasi ya kisogo akiwa anakimbia na televisheni. Kifungu cha 26 kinalinda uhai wa kila mtu, na kila mtu ni pamoja na mwizi. Julai 2025 Rais alipotoa agizo kwamba wanaochoma mali ya watu wapigwe risasi ya mguu, wengi wetu tulijibu kwamba waandamanaji si wachomaji. Jibu lilikuwa karibu zaidi ya hapo. Hata mchomaji hupelekwa kwa hakimu na miguu yake miwili.

Lipo jambo la hesabu. Juni 30, 2024 Rais aliwaambia waandishi kwamba waliokufa ni 19. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikatoa 39, na mwisho wa mwaka ikafika 60, pamoja na watu 82 waliotekwa au kutoweka. Tofauti ya 19 na 39 ni watu ishirini waliokuwa na mama zao. Lakini sisi nasi tuliharibu. Usiku wa Juni 25 ilivuma kwamba Githurai wameuawa mamia kwa mamia. Waandishi walikwenda, watetezi wa haki walikwenda, ushahidi wa idadi ile haukupatikana. Waliopigwa risasi Githurai walikuwepo, wana makovu, na wapo waliozikwa. Kilichofuata ni kwamba wakubwa walishika ile idadi ya uongo, wakaikanusha, na katika kuikanusha wakawakanusha na waliokufa kweli. Hadi leo ukiitaja Githurai mtu atakwambia "ile ilikuwa propaganda." Familia zile zimepokonywa maiti wao mara mbili.

Ndiyo maana nilikuwa upande wa ile filamu ya uchunguzi ya BBC ya Aprili 2025 tangu siku ya kwanza, na bado niko. Waliitengeneza kwa kupekua picha zaidi ya 5,000 za watu waliokuwepo, wakapanga dakika kwa dakika, wakaonyesha nani alifyatua pale Bungeni na waliopigwa walikuwa wakifanya nini. Wapo wabunge waliotaka BBC ifungiwe, wakasema imeelemea upande mmoja. Maonyesho yaliyokuwa yamepangwa Nairobi yakafutwa kwa shinikizo. Siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne Wakenya walikamatwa, kisha wakaachiliwa. Waliolalamika hawakutuletea hata picha moja ya kuonyesha kwamba dakika fulani ilipangwa vibaya. Mimi nina lalamiko langu juu ya filamu ile, nalo ni kwamba inaonyesha pale palipokuwa na kamera. Waliouawa Rongai hawana filamu. Hilo si kosa la walioitengeneza. Ni kazi iliyobaki, na ni yenu.

Na wanaojua nguvu ya picha walikuwa wamewatangulia. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo vyote vya redio na televisheni visitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano. Vituo vilivyokaidi, NTV na KTN vikiwamo, vikazimwa hewani. Mahakama Kuu ililisimamisha agizo lile, lakini saa zilikuwa zimeshapita, na siku ile watu wasiopungua 16 walikufa. Fikirini mtu aliyekuwa nyumbani Taita au Lamu mchana ule. Alichopata ni fununu za WhatsApp, na kesho yake akapata waziri akimwambia lilikuwa jaribio la mapinduzi.

Wazee waliopo hapa watanisaidia katika hili linalofuata, maana waliliona. Julai 7, 1990, wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia wakiwa tayari wamewekwa kizuizini, watu walikwenda Kamukunji kudai vyama vingi. Rais Moi aliwaita wahuni na watumizi wa dawa za kulevya. Mwaka uliofuata, Desemba 1991, kifungu cha chama kimoja kiliondolewa kwenye katiba. Leo hii Saba Saba, ndiyo siku ile ya Julai 7, inasifiwa hata na watu walio serikalini, na wapo waliojenga siasa zao juu yake. Wahuni wale waliacha lini kuwa wahuni?

Kuna kona ya Uhuru Park, Nairobi, iitwayo Freedom Corner. Mwisho wa Februari 1992 kina mama wazee, wengi wao wa mashambani, waliketi pale wakagoma kula, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za siasa waachiliwe. Profesa Wangari Maathai alikuwa nao. Machi 3 polisi wakaja na rungu na vitoza machozi. Profesa alipigwa akazimia. Baadhi ya wale mama, walipoona vijana wa umri wa watoto wao wanawainulia rungu, walivua nguo. Wakahamia Kanisa la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima hadi wana wao walipoanza kutoka. Kina mama wale hawakuwa na chuo kikuu wala lugha ya kuwapendeza wageni.

Kwenye kona ile ile, tangu Septemba 2015, limesimama sanamu la kumbukumbu ya walioteswa enzi za Mau Mau. Waliolilipia ni serikali ya Uingereza, ile ile iliyowaita magaidi, ikawafungia kambini, kisha mwaka 2013 ikakubali kuwalipa fidia zaidi ya watu 5,000. Kenya huru nayo haikuwa na haraka. Amri ya mkoloni ya kuipiga marufuku Mau Mau ilibaki kwenye vitabu vyetu vya sheria hadi mwaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Litazameni sanamu lile vizuri mkifika Nairobi. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, na kila mmoja ametazama upande wake, ili akikamatwa asiweze kumtaja mwenziwe. Aliyelichonga alijua kwamba aliyebeba kikapu alikuwa vitani sawa na aliyebeba bunduki. Ndiyo sura ninayoitaka kwa vijana wa 2024. Mna picha za aliyepanda juu ya gari la polisi. Nani ana picha ya dada aliyeshinda mlangoni na ndoo ya maji ya kuoshea macho? Madaktari na wauguzi waliojitolea wakashona watu sakafuni, nani amewahoji kwa kina?

Najua pia kuna mabishano kati yenu kuhusu mwisho wa lile wimbi la kwanza. Julai 2024 Rais alivunja baraza la mawaziri, na kabla mwezi haujaisha wakubwa wa ODM, chama kilichokuwa cha upinzani, wakatajwa mawaziri, pamoja na gavana wetu wa zamani, Hassan Joho. Wapo wanaosema damu ya vijana iliuzwa. Wapo wanaosema vuguvugu lisilotaka kiongozi halina wa kumlaumu. Mimi nawaelewa wa kwanza zaidi. Lakini sitalikalia sana hilo leo.

Ninalotaka mlishike ni kwamba sura ina matokeo mahakamani na mfukoni. Mwaka 2025 vijana wengi walishtakiwa kwa sheria ya kupambana na ugaidi kwa mambo ya maandamano. Kijana wa miaka ishirini anayeitwa gaidi hapati dhamana kirahisi, hapati kazi akitoka, na mama yake anauza mbuzi kulipa wakili. Upande wa pili, Agosti 2025 Rais alitangaza mpango wa kuwalipa fidia waathiriwa wa maandamano. Mpango huo umekuwa na mvutano wake mahakamani, lakini swali ambalo hautalikwepa ni nani mwathiriwa. Mchuuzi wa barakoa atakubaliwa, kwa sababu hakuwa akiandamana. Aliyekuwa akiandamana ataulizwa alikuwa ameshika nini. Aliyepatikana karibu na duka lililovunjwa hataulizwa kitu. Jina lake litarukwa, na wa kulirudisha pengine ni maelezo mliyoandika nyinyi chini ya picha.

Kwa hiyo nawaomba mambo ya kazi, wala si makubwa. Mkipiga picha hifadhini ile ya asili, isiyokatwa, yenye saa na mahali, tena zaidi ya sehemu moja, kwa sababu simu huchukuliwa. Mwalimu yule alipokufa rumande, mkuu wa polisi nchini alisema alijigonga kichwa ukutani. Ripoti ya daktari ikasema majeraha hayafanani na hayo, na kesho yake mkuu huyo alisimama mbele ya Seneti akaomba radhi. Kilichomrudisha nyuma ni maandishi ya daktari, yenye vipimo. Maelezo yenu yawe na vipimo hivyo hivyo. Andikeni mtu alikuwa wapi, saa ngapi, amekabili upande gani, mikononi ana nini. Kama ana jiwe, andikeni jiwe. Kama ni kiatu chake tu, andikeni kiatu. Jina lake liandikwe kwa ridhaa ya watu wake, na mkishawazika rudini kwao baada ya miezi, maana wengi wanaahidiwa uchunguzi, kisha hakuna anayewapigia simu. Msiongeze idadi. Na neno "hakuwa hata" lifuteni kabla hamjachapisha.

Kabla sijaketi, wenzetu wa mitaa ya Likoni na Kisauni wamekuja na daftari la majina waliyoyakusanya wenyewe tangu Juni 2024, pamoja na ya vijana ambao hakuna chombo cha habari kilichowaandika. Wanataka watu watano wa kwenda nao nyumba kwa nyumba Jumamosi kuhakiki. Aliye tayari ajiandikishe pale kwa dada aliyekaa karibu na mlango. Maswali sasa. Naona mkono wa bwana yule wa nyuma, karibu.